Lisbon kwa Wageni wa Harusi Wanaotoka Kusini

Mwezi Juni, Mungu akipenda, binti wa dada yangu atafunga ndoa jijini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na sehemu ya ukoo wetu wa Mtwara na Lindi itasafiri kwenda kumsindikiza. Mimi ni mjomba wa bibi harusi, na kwa desturi ya Wamakonde mjomba hasimamii posa na mahari tu, bali anawajibika pia kwa watu anaoongozana nao. Tangu kamati ya harusi ilipotangaza tarehe, ndugu wamekuwa wakiniuliza tutaona nini katika siku zinazotangulia ndoa na zile zitakazofuata. Wananiuliza mimi kwa sababu niliwahi kwenda kukaa na bibi harusi alipokuwa akisoma huko, nikazunguka mji huo kwa miguu nikiwa na daftari mkononi. Nimeona niandike majibu yote mahali pamoja, yawafae pia wasomaji wengine wa Kusini watakaopata mwaliko kama huu.

Miongozo mingi ya utalii inamwandikia msafiri anayetoka nchi jirani ya Ulaya, ambaye Lisbon kwake ni jua, samaki na tramu za rangi ya manjano. Sisi tuna habari nyingine na mji ule. Lisbon na pwani yetu zimejuana kwa zaidi ya miaka 500, na sehemu kubwa ya kujuana huko ilikuwa ya mabavu. Kwa hiyo nashauri kwamba mgeni anayetoka Kilwa, Lindi, Mikindani, Newala au Masasi aanze na vitu vinavyotuhusu, avitazame kwa utulivu, kisha mengine yafuate kadiri muda na miguu vitakavyoruhusu. Mtu akiona mambo manne kwa kuyaelewa atarudi na simulizi la kuwapa wajukuu, na yule aliyepiga picha mbele ya majengo arobaini atarudi na simu iliyojaa.

Nimetaja miguu kwa sababu ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Lisbon imejengwa juu ya vilima, na njia zake za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vikawa laini, hivyo mteremko mdogo tu waweza kumwangusha mtu mzima. Mama zangu na shangazi zangu, viatu vya visigino virefu vibaki ndani ya begi hadi siku ya harusi. Mchukue pia sweta au kitenge kizito, kwa kuwa jua la mchana ni kali lakini upepo wa Atlantiki huleta baridi jioni. Saa za Lisbon wakati wa kiangazi ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na mwezi Juni jua huzama kama saa tatu usiku. Ndugu zetu Waislamu wajiandae kwa hilo mapema: Magharibi itaingia wakati ambao kwetu watoto wamekwisha kulala, Isha itakaribia saa tano, na Alfajiri haitachelewa kufuata. Wazee wapewe nafasi ya kulala mchana, na matembezi yagawanywe kati ya asubuhi na jioni.

Makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu. Kadhalika majengo kadhaa ya kale hufungwa kwa ukarabati kwa vipindi virefu, hivyo kabla ya kupanga siku yako hakikisha kwamba mahali unapokwenda pako wazi. Wanaosubiri viza ya Schengen wakumbuke kwamba bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni sharti, na kwamba tarehe za bima zinapaswa kufunika siku zote za safari.

Mahali pa kwanza ninapomtuma kila mgeni wetu ni Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, iliyoko mtaa wa Rua das Janelas Verdes juu ya kingo za mto Tejo. Humo kuna michoro na vyombo vya kila namna, nawe unaweza kuvipita vyote kwa haraka hadi ukifikie chombo kimoja cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém. Wakatoliki wenzangu watakitambua mara moja: ni chombo ambamo Ekaristi Takatifu huwekwa ili waumini waiabudu. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka sehemu inapowekwa Ekaristi, kila mmoja ametiwa rangi za vioo vilivyoyeyushwa juu ya dhahabu. Juu yao amening'inia njiwa, na kileleni ameketi Mungu Baba. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Ni kazi ya mikono iliyonyenyekea, na sijaona chombo cha ibada kilichofanyizwa kwa upendo kuliko hicho.

Sasa soma maandishi yaliyozunguka kitako chake. Yanasema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kilwa hiyo ni Kilwa yetu, iliyo katika Mkoa wa Lindi, ambako leo unashuka Masoko na kuvuka kwa mashua hadi Kisiwani.

Historia yake ni hii. Mwaka 1502 Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili ya Bahari ya Hindi, alitia nanga Kilwa na kundi la merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim aliyeutawala mji huo kuukubali ukuu wa mfalme wa Ureno na kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa walikuwa wameishika njia hiyo kwa vizazi vingi; ndiyo iliyojenga jumba la Husuni Kubwa, na ndiyo iliyoupa mji ule sifa ambazo msafiri Ibn Battuta alizisimulia alipoutembelea mwaka 1331. Da Gama alifika Lisbon na dhahabu hiyo mwaka 1503. Mwezi Julai mwaka 1505, wakati chombo hiki kikiwa bado hakijakamilika, Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, askari wake wakaupora mji, wakajenga ngome wakakaa humo hadi mwaka 1512. Kwa maneno mengine, mitume wale wa dhahabu walimaliziwa kupakwa rangi wakati watu wa Kilwa walikuwa wameshafukuzwa majumbani mwao.

Mimi niliposimama mbele ya kioo chake nilisali, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, kisha nikabaki pale nikiwafikiria watu wa Kisiwani. Sioni haja ya kuchagua moja kati ya hayo mawili. Wazee wetu wa Kilwa, ambao ni Waislamu na ambao kwao chombo hicho si cha ibada, wana haki kubwa ya kukitazama kuliko mtu yeyote atakayepita katika chumba kile siku hiyo, na natamani wakisogelee bila kuona haya, wamwombe kijana mmoja awasomee maandishi, na wasimame hapo kwa muda wautakao. Mwenye nafasi aende kwanza Kilwa Kisiwani kabla ya safari, autazame Msikiti Mkuu, magofu ya Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, ilhali wengi wetu tuliokulia mwendo wa saa chache kutoka pale hatujawahi kuyatia machoni.

Kutoka makumbusho hayo, shuka hadi Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio wazi upande mmoja kuelekea mto. Watalii huupenda kwa upana wake na kwa rangi ya manjano ya kuta zake. Mimi naupenda kwa sababu ya kilichokuwapo awali. Hapa ndipo lilipokuwa jumba la kifalme la Ribeira, na pembeni yake Casa da Índia, ofisi iliyosimamia bidhaa zote zilizoletwa na merikebu kutoka Afrika na India. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu, tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa mji, kisha mawimbi ya bahari yakapanda mtoni, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Jumba la kifalme liliangamia pamoja na nyaraka zake. Waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal alisimamia ujenzi mpya, na mitaa iliyonyooka ya Baixa, eneo la katikati ya mji, unayopita leo ndiyo aliyoiacha. Ndani ya kuta za nyumba zake kuna fremu za mbao zilizounganishwa ili jengo liyumbe bila kubomoka. Atakayependa kuona mji ulivyokuwa kabla ya siku ile aende makumbusho ya vigae vya kuchora, Museu Nacional do Azulejo, ambako kuna picha ya vigae yenye urefu wa kama mita 23 inayouonyesha ufuko wote wa Lisbon, nyumba kwa nyumba, kanisa kwa kanisa.

Belém iko magharibi, na tramu namba 15 hukufikisha. Pangeni asubuhi nzima kwa ajili yake. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel yuleyule, na gharama zake zilitokana na ushuru wa asilimia tano uliotozwa kwenye bidhaa za Afrika na India. Mawe yake yamechongwa kamba za merikebu, matumbawe na majani ya nchi za mbali, na mtu aliyekulia pwani atayatambua maumbo hayo kwa haraka kuliko mtu wa bara. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, yumo Vasco da Gama katika kaburi la mawe yaliyochongwa vizuri sana. Nashauri mtu aingie Jerónimos baada ya kuiona ile dhahabu, maana akitangulia hapa uzuri wa jengo utamchukua na hatauliza umelipiwa na nani. Mnara wa Belém uko mbele kidogo, ukingoni mwa mto, nao ulijengwa katika miaka ya 1510. Kwenye moja ya vibanda vyake vya walinzi kuna kichwa cha kifaru kilichochongwa, kumbukumbu ya kifaru hai aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Watoto watakipenda.

Kati ya monasteri na mnara limesimama Padrão dos Descobrimentos, mnara wa kumbukumbu ya mabaharia wenye umbo la merikebu. Huu unaouona umejengwa kwa saruji na mawe mwaka 1960, na chini yake kuna ramani ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini, inayoonyesha safari za Wareno pamoja na miaka yake. Wakwe zetu ni Wamakonde wa Mueda, Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kwao mwaka 1960 una maana nyingine. Tarehe 16 Juni ya mwaka ule, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wanakijiji waliokusanyika Mueda mbele ya ofisi ya utawala. Tarehe hiyo itatukuta Lisbon, siku chache kabla ya harusi. Naomba ndugu zangu wasipange sherehe wala ngoma siku ile, na wakiwa Belém wapite pale kwa heshima wakikumbuka kwamba mnara huo na mauaji ya Mueda ni vya mwaka mmoja na serikali moja. Bustani ya mimea ya kitropiki iliyo jirani na monasteri ni mahali pazuri pa wazee kupumzika kivulini, lakini nayo ilitumika katika maonyesho makubwa ya mwaka 1940 kuwaonyesha watu walioletwa kutoka makoloni. Vichwa vya Waafrika vilivyochongwa wakati huo bado vimo humo bustanini.

Hapo Belém kuna pia duka la vitobosha vya maziwa na mayai, pastéis de Belém, vinavyookwa tangu mwaka 1837. Foleni ni ndefu lakini inakwenda haraka. Vinavyofanana navyo, kwa jina la pastéis de nata, vinauzwa kila kona ya mji.

Nikizungumzia vyakula, kuna jambo moja ningependa wakulima wetu walitafakari wakiwa ukingoni mwa Tejo. Mkorosho asili yake ni Brazil, na ni Wareno walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Muhogo na mahindi navyo vilivuka Atlantiki katika nyakati hizo za merikebu zao. Leo nusu ya michango ya safari hii, kama si zaidi, imetoka kwenye mauzo ya korosho za Tandahimba na Newala. Mti ulioletwa na watu waliotupora umekuwa ndio unaosomesha watoto wetu, kwa jasho la watu wa Kusini walioupalilia na kwa kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele. Basi zawadi ya wakwe iwe korosho, zilizokaangwa na kufungwa vizuri. Nyama na bidhaa za maziwa haziruhusiwi kuingizwa Ulaya katika mizigo ya abiria, na matunda mabichi kama maembe yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo yaachwe nyumbani yasije yakatupwa uwanja wa ndege.

Chakula cha Lisbon hakitatushinda. Juni ni mwezi wa dagaa wakubwa wa kuchoma, wanaochomwa mitaani juu ya mkaa wakiwa wamepakwa chumvi tupu, na chewa mkavu wa chumvi hupikwa kwa namna nyingi sana. Kuku wa pilipili, anayependwa mno huko, ana asili yake kwetu upande huu wa Afrika, hasa Msumbiji. Ndugu Waislamu wawe waangalifu na supu ya sukumawiki iitwayo caldo verde, kwa kuwa mara nyingi huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Waulize kabla ya kuagiza. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985 karibu na Praça de Espanha, ulianzishwa na jumuiya iliyokuwa na watu wengi waliotoka Msumbiji, na unafikika kwa treni ya chini ya ardhi. Migahawa ya halali ni mingi mtaa wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso na karibu na Martim Moniz. Mouraria ndiko Waislamu wa mji walikoruhusiwa kubaki baada ya jeshi la Wakristo kuuteka mwaka 1147, na Kanisa Kuu lililoko chini ya ngome lilijengwa mahali palipokuwa na msikiti. Wanaokwenda kuswali huko Mouraria leo wanaswali katika mji ambao adhana ilisikika kwa karne kadhaa kabla ya Ureno kuwa na mfalme.

Ikiwa mtu ana nafasi ya kuona kitu kimoja zaidi baada ya dhahabu ya Kilwa, basi apande hadi Largo do Carmo. Ni uwanja mdogo wenye miti, na pembeni yake yapo magofu ya kanisa la Carmo lililopoteza paa siku ya tetemeko la 1755 na halikuezekwa tena. Ubavuni mwa magofu hayo ni kambi ya askari. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha katika kambi hiyo, umati ukiwa umejaa uwanjani na hata juu ya miti, huku askari waliochoka kupigana Afrika wakiizingira chini ya Kapteni Salgueiro Maia. Jioni Caetano alikabidhi madaraka, na utawala wa kidikteta uliodumu miongo mingi ukaanguka. Watu waliwachomekea askari maua mekundu yaitwayo carnation kwenye mitutu ya bunduki.

Wareno husimulia siku ile kama siku yao, na ni haki yao. Sisi tunapaswa kukumbuka upande wa pili, kwa sababu askari wale walichoshwa na watu ambao baadhi yao walipitia mashambani kwetu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 katika Cabo Delgado, na kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, ilikuwa Nachingwea, mkoani Lindi. Wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, wakapokewa Mtwara, Newala na Masasi katika nyumba ambazo chakula hakikuwa kingi. Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea kuelekea Msumbiji, akasafiri kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni nchi ile ikawa huru. Baba mzazi wa bwana harusi alikuwa mtoto katika moja ya familia hizo zilizovuka mto. Ndoa hii inaziunganisha koo mbili ambazo zilikwisha kuonana wakati wa shida, na sijui mahali pengine katika Lisbon panaponigusa kuliko uwanja ule mdogo, ambapo mtu kutoka Nachingwea anaweza kuketi kwenye benchi na kujiambia kwamba watu wa kwao walichangia kilichotokea hapo.

Aliyevutwa na habari hizi aingie pia Museu do Aljube, jirani na Kanisa Kuu. Jengo lile lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya upinzani na uhuru, yenye sehemu kuhusu vita vya ukombozi vya makoloni. Vyumba vya wafungwa ni vyembamba sana, na sidhani vinafaa kwa watoto wadogo.

Tutafika wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, tarehe 12 na 13 Juni. Mtakatifu huyo alizaliwa Lisbon, na watu wa huko humtegemea katika mambo ya uchumba na ndoa. Tangu mwaka 1958 jiji lilianza kuwafungisha ndoa kwa pamoja maharusi wasio na uwezo katika sikukuu yake. Utaratibu huo ulisimama baada ya mwaka 1974, kisha ukarejeshwa, na sasa kila mwaka tarehe 12 Juni maharusi kadhaa hufungishwa ndoa, wengi wao katika Kanisa Kuu, wakashangiliwa na mji mzima. Ningependa dada zangu wasimame nje ya kanisa siku hiyo. Watawaona akina mama wa Alfama, mtaa wa kale ulio jirani na kanisa hilo, wakiimba, wakirusha maua na kuwasifia mabibi harusi wasiowajua, na wataelewa kwamba binti yetu haendi kuishi mahali ambapo ndoa ni jambo la watu wawili tu. Usiku wa 12 mitaa ya Alfama hujaa watu kupita kiasi, hivyo wazee na watoto warudi mapema.

Mengine nitayapita upesi. Tramu namba 28 ni nzuri lakini hujaa, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Ipandeni alfajiri au msiipande kabisa. Elevador da Glória, gari la reli la kupandia mlima, ilipata ajali mbaya mwezi Septemba 2025, watu 16 wakapoteza maisha, kwa hiyo msiiweke kwenye mipango yenu. Ngome ya São Jorge ina upepo mzuri na mandhari ya mji mzima, lakini mandhari hiyohiyo, bila kiingilio, ipo Miradouro da Senhora do Monte. Sintra, mwendo wa kama dakika 40 kwa treni kutoka stesheni ya Rossio, ina majumba ya kifalme yanayopendeza, nayo yanafaa kwa vijana walio na nguvu ya kupanda mlima. Watoto wapelekwe Oceanário, nyumba ya samaki na viumbe wa baharini, mashariki mwa mji. Na kila mtu, mzee kwa kijana, avuke Tejo angalau mara moja kwa kivuko cha Cais do Sodré hadi Cacilhas, safari fupi kama ile ya pantoni yetu ya Msangamkuu, aitazame Lisbon kutoka majini kama walivyoiona mabaharia, na akipenda aendelee kwa basi hadi sanamu ya Cristo Rei iliyojengwa mwaka 1959.

Baada ya harusi, siku ya Jumatano, tumekubaliana na wakwe kwamba koo zote mbili ziende pamoja Museu Nacional de Etnologia, iliyoko Restelo, juu ya Belém. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1965 na mtaalamu Jorge Dias, ambaye pamoja na mkewe Margot walifanya utafiti mrefu miongoni mwa Wamakonde wa nyanda za Mueda kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, wakakusanya vinyago vya mapiko (ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa kuvaa vinyago), vyombo vya nyumbani, picha na filamu za ngoma. Utafiti wao ulifanyika chini ya serikali ya kikoloni, na serikali ile ilitaka kujua Wamakonde walikuwa wakifikiria nini. Hata hivyo vitu walivyovikusanya ni vya babu zetu, na baadhi ya maarifa ya kuvitengeneza yamepotea pande zote mbili za Ruvuma. Si kila kitu huonyeshwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo bibi harusi ameandika barua kuomba tuvione vilivyohifadhiwa stoo. Tutakuwa na wachongaji wawili kutoka Mtwara, na upande wa wakwe kuna mzee aliyecheza mapiko ujanani kwake Mueda. Nimewaomba hao watatu wakae mbele, wavisome vinyago na kutueleza ni vya jando la wapi na vilichezwa kwa mpigo gani, na vijana warekodi kila neno kwa simu zao. Kundi haliwezi kuzidi watu 15, hivyo atakayetaka kuja anipe jina lake kabla ya siku ya ndoa.